Namna ya Kuandika Mlinganyo wa Kiini Kinachotoa Chembe ya Alfa

Mwanafunzi wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa mawe ya graniti yaliyotapakaa kwenye vilima vya jiji na kandokando ya ziwa yana uraniamu, ingawa kwa kiasi kidogo sana, na viini vyake vimekuwa vikitoa chembe za alfa tangu miamba hiyo ilipoganda.

Chembe ya alfa ni kiini cha heliamu chenye protoni 2 na nyutroni 2, nayo huandikwa ⁴₂He: namba ya juu ni namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni), ya chini ni namba atomia (idadi ya protoni). Andika kiini mzazi, yaani kile kinachotoa chembe, kushoto kwa mshale, kisha andika ⁴₂He upande wa kulia kabla ya kitu kingine chochote, maana hiyo ndiyo sehemu ya jibu ambayo tayari unaijua. Kisha toa namba zake kwenye zile za mzazi: kwa uraniamu-238, juu utapata 238 − 4 = 234, na chini 92 − 2 = 90. Sasa tazama jedwali la elementi: yenye namba 90 ni toriamu.

²³⁸₉₂U → ²³⁴₉₀Th + ⁴₂He

Jina la kiini kipya hutokana na namba ya chini peke yake. Wapo wanaotoa hesabu bila kasoro kisha wakaiacha alama ya U palepale, jambo ambalo naliona baya kuliko kukosea kutoa, kwani uraniamu yenye protoni 90 haipo duniani. Vilevile, usihangaike kutafuta idadi sawa ya atomi za kila elementi kama ufanyavyo katika kemia. Hapa elementi yenyewe inageuka, na kinachopaswa kulingana pande zote mbili ni jumla ya namba za juu na jumla ya namba za chini.

Toriamu hiyo nayo hugeuka, na katika mfululizo huo unaoanzia na uraniamu-238, baada ya hatua kadhaa hupatikana radiamu, ambayo nayo hutoa alfa na kuwa radoni:

²²⁶₈₈Ra → ²²²₈₆Rn + ⁴₂He

Radoni ni gesi, hivyo huweza kupenya kwenye nyufa za mwamba na kutoka nje.

Ukipewa kiini kilichobaki na kutakiwa kumtaja mzazi, jumlisha badala ya kutoa. Risasi-206 ina namba atomia 82. 206 + 4 ni 210, na 82 + 2 ni 84, ambayo ni poloniamu.

²¹⁰₈₄Po → ²⁰⁶₈₂Pb + ⁴₂He