Kitalu nyumba cha nyanya Lindi na Mtwara: anza na hewa

Ramani nyingi za vitalu nyumba zinazozunguka kwenye magrupu zimetoka nchi za baridi, ambako kazi ni kulifungia joto ndani. Huku kwetu joto ni la bure. Tunachokimbia ni mvua ya Desemba hadi Aprili, kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) na nzi weupe. Juzi nimemsaidia jirani wa Mikindani kusimamisha cha kwake, basi naandika kabla sijasahau.

1. Nguzo. Mirunda inatosha, mabomba ya chuma ni kuchoma hela. Sehemu inayofukiwa ipake oili chafu, mchwa wa huku hawana simile. Kuta zisipungue mita 3.

2. Hewa. Hapa usiharakishe. Hewa ya moto hupanda. Isipopata pa kutokea juu, nyanya inachemka. Joto likipita nyuzi 35 chavua inaharibika: kikonyo cha ua kinapata umanjano pale kwenye kifundo, ukigusa tu, ua linadondoka. Mmea wenyewe unabaki kijani, umenona, na watu wanakimbilia kuongeza mbolea. Mbolea haihusiki.

Kwa hiyo paa liwe la ngazi mbili, upande mmoja umepanda juu ya mwenzake, katikati pabaki mdomo wazi wa sentimita 60 hivi kwa urefu wote wa banda. Mdomo utazame magharibi. Pepo za kusi na kaskazi zote zinatoka upande wa bahari, zikipita juu ya paa zinaifyonza hewa ya ndani. Ukiuelekeza baharini, upepo unaingia, unainua nailoni, na mvua inaingia nayo.

Kuta zote ziwe neti, nailoni ibaki paani tu. Neti ikiwa na matundu madogo sana inazuia nzi weupe wanaoleta rasta (ugonjwa wa kujikunja majani), ila inabana hewa pia; ukiichagua hiyo, ongeza urefu wa ukuta. Ning'iniza kipimajoto kivulini, usawa wa maua, usome saa nane mchana. Kikizidi 35, tandaza neti ya kivuli juu ya paa.

3. Nailoni. Ya UV, yaani inayostahimili jua kali, unene maikroni 200. Oili chafu isiiguse.

4. Matuta, samadi, mipira ya kumwagilia kwa matone. Kama shambani. Ila usijenge palipokuwa na bilinganya au pilipili zilizokufa kwa mnyauko.

5. Maua. Ndani upepo ni hafifu, kwa hiyo kila asubuhi zigonge kamba za kufungia miche, chavua idondoke.