Kubadilisha siti ya pikipiki na kumwekea abiria kiegemeo: jua kwanza unaumia wapi

Ukiwasikiliza watu waliobadilisha siti za pikipiki zao utakuta wanagawanyika makundi mawili, kuna wale siti ilikuwa tamu dukani halafu safari ndefu ya kwanza tu wakashuka wanajishika kiuno, na kuna wale siku ya kwanza waliona wameuziwa ubao ila leo ukiwaambia warudishie ya zamani wanagoma kabisa. Wote wanasema kweli. Siti laini mno inakubembeleza dakika kumi hivi, baada ya hapo sponji inabonyea mpaka mwisho na ile mifupa miwili ya makalio, ile unayoihisi ukikaa kwenye benchi la mbao, inagota kwenye plastiki ya chini. Siti ngumu kidogo yenye umbo linalokufaa inausambaza uzito mpaka kwenye nyama za makalio na sehemu ya mapaja, mifupa haibebi peke yake. Kwa hiyo kama kuna namna ya kukaa kwenye siti lisaa lizima kabla hujalipa, ya rafiki ama ya kuazima, fanya hivyo. Kubonyeza kwa kidole gumba dukani hakukuambii chochote.

Sasa kabla hujatoa hela kaa chini ujiulize unaumia WAPI, maana hapa ndo watu wengi wanapotea, anaumwa magoti anaenda kununua siti yenye jeli, jeli na magoti wapi na wapi.

Kama ni mifupa ya makalio, basi sponji imechoka au siti ni nyembamba, mifupa inaning'inia pembeni. Chukua boksi gumu la karatasi lile lenye mawimbi ndani, liweke juu ya kitu kigumu, likalie dakika moja miguu ikiwa imekunjwa kama unavyokaa kwenye pikipiki, ukiinuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya hili hadi katikati ya lile, wengi inakuwa kama sentimita 10 mpaka 14, na hiyo sehemu ya siti unayokalia lazima iwe pana kuzidi hapo kwa kiasi kizuri kila upande.

Kama unapata ganzi huku mbele, sehemu zile, na kila ukifunga breki unajikuta umebanwa kwenye tenki, hapo shida ni mteremko wa siti, sponji haina kosa. Hii mara nyingi inatibika bure. Siti nyingi zimekaa juu ya vimpira vinavyogusa fremu, ukiongeza unene chini ya vile vya mbele, washa chache (zile pete bapa za bolti) au kipande cha mpira mgumu, pua ya siti inanyanyuka kidogo na unaacha kuteleza. Nyanyua kidogo sana, milimita chache chache, halafu hakikisha ule ulimi wa mbele bado unaingia mahali pake na loki ya nyuma bado inashika. Siti isiyoshika loki usiendeshe nayo hata kwenda dukani.

Magoti na nyonga ni habari ya umbali kati ya siti na futresti. Na hapa kuna mtego: watu wafupi wananunua siti ya chini ili miguu iguse chini wakisimama, wanafurahi kwenye foleni, halafu safari ndefu magoti yanalia kwa sababu umeyakunja zaidi kuliko mwanzo. Ukishusha siti umepunguza pia nafasi ya mguu, hamna ujanja hapo. Saa zingine dawa nzuri ni siti ya urefu ule ule ila iliyokatwa nyembamba huku mbele, mguu unashuka wima bila kuzunguka upana wa siti na unagusa chini vizuri tu.

Mikono kufa ganzi na shingo kuuma, hiyo angalia usukani kwanza. Usiisingizie siti.

Ukishajua shida yako ndo uingie kwenye kuchagua, na njia ziko kama tatu: kununua siti nzima iliyotengenezwa tayari kwa modeli yako, kumpa fundi siti yako orijino aichonge upya, au kuweka mto juu ya siti uliyonayo.

Siti nzima za kampuni kubwa faida yake ni kwamba zinaingia bila kukatakata kitu, ila soma tabia zake. Corbin wa Marekani kwa mfano, wako kwenye hii kazi toka 1968, wanajulikana kwa sponji ngumu na ngozi halisi na wenyewe wanakwambia siti inahitaji kukaliwa kilomita nyingi kabla haijakubali mwili wako, kwa hiyo ukiihukumu wiki ya kwanza umeionea. Russell nao wana ile siti yao ya Day-Long yenye mabawa pembeni, wewe unawatumia siti yako wanaijenga upya kwa vipimo vyako, wanaoendesha masafa marefu wanaipenda kweli, ila uwe tayari pikipiki kukaa bila siti muda wote huo, na kwa sura sio kila mtu ataipenda. Kitu kingine angalia umbo la juu, siti iliyochimbwa kama bakuli inakushika vizuri na inakupa pa kuegemea kiuno lakini inakufungia mkao mmoja, huwezi kusogea mbele wala nyuma kupumzisha makalio. Siti bapa inakuruhusu kuhama hama. Mimi kwa safari ndefu nachagua bapa bila kufikiria mara mbili, kwa mjini bakuli haina neno.

Kuhusu kilichomo ndani. Sponji ya kumbukumbu, ile inayobonyea polepole, hubadilika na hali ya hewa, baridi inakuwa ngumu na joto inalegea, na peke yake haifai kuwa siti nzima, inatakiwa tabaka jembamba juu ya sponji imara. Jeli inasaidia kwenye mtetemo na kusambaza uzito kidogo lakini ukiiacha juani inabeba joto na inakaa nalo, waulize walioipaki mchana kweupe wakaikalia na kaptula. Jeli haiwezi kurekebisha siti yenye umbo baya, itakuwa siti mbaya yenye jeli. Mto wa hewa kama Airhawk unafanya kazi vizuri kuliko unavyoonekana, na wengi wanaousema vibaya wameujaza hewa mpaka umekuwa mpira, wanayumba juu yake. Jaza kidogo, ukalie, halafu fungulia hewa itoke taratibu mpaka uhisi makalio yanakaribia kugusa siti ya chini, funga hapo hapo. Hewa ni chache kuliko unavyodhani.

Ukienda kwa fundi, na kwa maoni yangu watu wengi hawahitaji zaidi ya fundi mzuri, usimwachie siti ukaondoka tu. Nenda na pikipiki, akuone umekaa, na viatu vyako vya kuendeshea. Mwambie apunguze sponji kidogo kidogo, ukalie, apunguze tena, kwa sababu sponji ikishakatwa kurudisha ni kubandika kiraka, na gundi ikikauka inaacha mstari mgumu ambao utausikia kila siku. Kama ni lazima kubandika, gundi ipakwe nyembamba na maungio yasiwe chini ya ile mifupa. Vile vile mishono ya kava, ipelekwe pembeni au ikae pale dereva anapoishia na abiria anapoanzia, mshono ni tundu la sindano na tundu la sindano ni njia ya maji, siti ikishakunywa maji utakaa kwenye unyevu siku kadhaa baada ya mvua kuisha. Pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu, na urefu wake usizidi unene wa plastiki ya chini. Kava la reksini linatosha watu wengi, linafutwa na kitambaa basi. Ngozi inapumua vizuri na inazidi kukaa vizuri kadri inavyotumika ila inataka kupakwa mafuta yake na kufunikwa mvua, kama wewe ni mvivu wa hayo mambo achana nayo.

Siku ya kufunga siti mpya kuna kitu kimoja watu hawakiangalii: vile vimpira vya chini. Siti inatakiwa ikae juu ya vimpira vyote, na kama kimoja kinaelea basi plastiki inapinda kila ukipita kwenye shimo mpaka siku moja inapasuka. Paka grisi kidogo kwenye kila kimpira, funga siti, ikalie, fungua uangalie kwenye fremu. Pasipo na alama ya grisi hapagusi, ongeza unene. Angalia pia waya hazijabanwa, terminali za betri haziguswi na chuma chochote cha chini ya siti, na kingo za siti hazisugui rangi ya tenki. Mwisho ishike siti kwa nyuma uivute juu kwa nguvu, halafu kwa mbele, ikicheza fungua uanze upya.

Haya, twende kwa abiria, ambaye mara nyingi haulizwi kitu. Mtu ananunua kiegemeo kizuri cha kromu, anakifunga, anampandisha mwenzake, na mwenzake anarudi analalamika kuliko zamani. Sababu kubwa ni kimo. Kiegemeo kifupi kinagota pale mkanda wa suruali unapokaa, kila shimo ni ngumi. Mto wake unatakiwa uguse mgongo kuanzia juu ya kiuno kuelekea chini ya mabega. Sababu ya pili ni umbali: kikiwa mbele sana abiria anakusukuma wewe kwenye tenki na helmeti zinagongana, kikiwa nyuma sana itabidi alale ndo akifikie, na akikaa hivyo tumbo lake linafanya kazi safari nzima. Pima watu wote wawili mkiwa mmekaa, na majaketi na helmeti, pikipiki iko kwenye stendi ya katikati na mtu wa tatu ameishika. Kikae kimelala nyuma kidogo tu.

Halafu swali la kinafungwa wapi, na hapa sitanii. Kiegemeo ni mtarimbo. Abiria akiegemea kwa nguvu ya kilo 20, sentimita 30 juu ya bolti, na bolti zenyewe zimeachana sentimita 6, ile ya mbele inavutwa kwa nguvu kama ya kilo 100. Na hapo hujapita shimo wala hujavuta mafuta ghafla. Ndo maana kiegemeo kilichofungwa kwenye plastiki ya mkia au madigadi jembamba kinaanza kuchezacheza, kisha kinapasua. Kifungwe kwenye fremu, au kwenye keria iliyotengenezwa na bolti zake zinaingia kwenye fremu. Kama vishikio vya abiria ni vya aluminiamu usivitoboe ili kufunga kitu. Na kama fundi anataka kuchomelea, betri itolewe waya kwanza.

Boksi la nyuma lenye mto ni njia inayopendwa kwa sababu unapata sehemu ya mizigo na pa kuegemea kwa mpigo mmoja. Ni sawa, ila soma kibandiko cha uzito kwenye keria na kwenye boksi, nyingi zinaruhusu kilo 5 mpaka 10 tu, na huo uzito ulipangwa kwa mizigo, mgongo wa mtu mzima haukuwekwa kwenye hesabu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma unapunguza mzigo wa tairi la mbele, usukani unakuwa mwepesi na kwenye spidi unaweza kuanza kutikisika. Vitu vizito weka kwenye mabegi ya pembeni, chini, boksini weka makoti ya mvua. Na mkiwa wawili kaza springi ya shokapu ya nyuma na upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu kwa watu wawili, la sivyo mkia unakaa chini na taa inamulika madereva wa mbele machoni.

Mfundishe abiria pia kwamba kiegemeo kinamzuia kwenda nyuma tu. Ukifunga breki anakuja mbele kama kawaida, kwa hiyo mikono iendelee kushika na miguu iwe kwenye futresti. Mtoto ambaye miguu haifiki futresti, kiegemeo hakimfanyi awe tayari kupanda.

Na kupanda kwenyewe kunabadilika! Kiegemeo kirefu kinakuzuia kurusha mguu kwa nyuma kama ulivyozoea, wengi wanakuja kugundua siku ya kwanza wamekipiga teke. Dereva apande kwanza akipitisha mguu juu ya siti ya mbele, asimamishe pikipiki vizuri, aseme tayari, ndo abiria akanyage futresti apande. Kama mara nyingi unaendesha peke yako tafuta kile kinachochomoka kwa loki bila spana, utakishukuru.

Bolti za kiegemeo zipakwe gundi ya nyuzi za bolti, inayozuia zisilegee, ile ya bluu, nyekundu hapana, siku ya kufungua utalia. Kama hamna kipimo kwenye karatasi ya maelekezo, bolti za chuma za M6 (unene wa milimita 6) huwa zinakazwa kama Nm 10 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na za M8 kama 20 hadi 25, na baada ya kilomita 100 au 200 za mwanzo pitisha spana tena kuona kama kuna iliyolegea.

Siti orijino usiitupe wala usimpe mtu. Ifute, iache ikauke kabisa, ihifadhi kwenye kivuli bila kuwekewa mizigo juu maana sponji inabaki na bonde, na bolti na vimpira vyake vyote tia kwenye mfuko mdogo uubandike na tepu kwa chini ya siti. Siku ukiuza pikipiki mnunuzi anaweza kuwa na miguu mirefu au mifupi kuliko yako na atakachotaka ni ile ya kiwandani, wewe unabaki na yako.