Funga akaunti kwanza, ndipo ufute programu

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alifika kwenye meza yangu ya ufundi Makoroboi akiwa amefura. "Mwanangu, ile programu ya mkopo niliifuta mwezi wa tatu, na deni nilimaliza. Mbona bado wananitumia meseji kwa jina langu?"

Alikuwa ameifuta kweli. Ila kilichofutika ni kilichokuwa kwenye simu. Jina lake, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), picha ya uso na namba za wateja wake vilishahamia kwenye kompyuta za wenye programu. Tulihangaika kwa muda wa saa tatu. Maelezo haya ni ya Android, maana ndizo zinazojaa mezani kwangu.

Hatua ya 1: Tunza ushahidi

Kufuta programu hakufuti deni. Kama umemaliza kulipa, piga skrinishoti ya salio sifuri na ya meseji za malipo, kisha ujitumie kwa barua pepe. Na kama ni programu unayoilipia kila mwezi kupitia Play Store, sitisha malipo huko huko Play Store, la sivyo utaendelea kukatwa hata ukishaifuta.

Hatua ya 2: Funga akaunti ukiwa bado ndani

Hapa ndipo saa tatu zetu zilipoishia.

Ingia kwenye programu, nenda kwenye wasifu wako, halafu mipangilio, utafute "futa akaunti". Mara nyingi wameificha chini kabisa, au ndani ya "msaada". Google inataka kila programu inayomruhusu mtu kufungua akaunti impe pia njia ya kuifuta, ndani ya programu na kwenye tovuti. Kwa hiyo usipoiona ndani, fungua ukurasa wa programu hiyo Play Store, ushuke hadi sehemu ya usalama wa data. Kiungo cha kuomba kufutiwa huwa huko.

Sasa shida ya mama. Alishaifuta, ikabidi tuipakue upya. Ilipofunguka ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. KATAA. Ukikubali, unawapelekea upya kile unachotaka wakifute. Ikakubali kuendelea, ila ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yake ya zamani, ile iliyozama ziwani na simu yake akiwa kwenye kivuko cha Ukerewe. Ikabidi aende kuirudisha laini kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, foleni juu. Kama unafikiria kubadili laini, funga akaunti zako kabla.

Programu ikiwa imeshaondolewa Play Store, usikubali kutumiwa faili lake na rafiki kwa WhatsApp. Hujui limechezewa na nani. Tafuta barua pepe yao kwenye sera ya faragha au kwenye ujumbe waliokutumia siku ya kujiunga, uwaandikie: jina, namba uliyojisajilia, na ombi la kufuta akaunti na taarifa zote. Namba ya siri usiandike, hata wakiiomba.

Hatua ya 3: Ondoa ruhusa

Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, kisha Ruhusa. Zima zote. Simu iliyowekwa Kiswahili huyaita majina "Anwani", usiipite ukidhani ni mambo ya posta. Kuzima hakurudishi kilichokwisha chukuliwa.

Kama ulijiunga kwa akaunti ya Google, ingia kwenye mipangilio ya akaunti hiyo, sehemu ya usalama, uikate kwenye orodha ya programu za watu wengine.

Hatua ya 4: Futa

Futa data, kisha sanidua, yaani iondoe kwenye simu. Kitufe kikigoma kubonyezeka, programu imejipa usimamizi wa simu. Tafuta "programu za msimamizi wa kifaa" kwenye mipangilio, izime, urudi.

Angalia na folda ya vipakuliwa. Picha ya kitambulisho iliyohifadhiwa pale haiondoki na programu.

Fundi akikwambia lazima simu iflashiwe, yaani ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya, anataka hela yako. Na zile programu za "kusafisha simu" sizipendi hata kidogo. Nyingi zinaomba ruhusa nyingi kuliko hiyo unayoikimbia.

Hatua ya 5: Wakikaa kimya

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ukiwaandikia tena, itaje sheria hiyo kwa jina.

Mama wa dagaa alijibiwa siku ya nne. Sentensi moja tu: akaunti imefutwa. Nikamwambia, na hiyo nayo mama, piga skrinishoti.