Somo: Kumpeleka paka au mbwa kliniki bila purukushani

Wakuu, salaam. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya mifugo. Si daktari, ila ndiye ninayewapokea wanyama mlangoni, ninayewapima uzito na kuwashika wakati wa sindano. Mnyama akifika amechachamaa na mwenyewe hana maelezo, daktari hupoteza muda mwingi kwa kubahatisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu mambo ya nyumbani.

Hatua ya 1: Mchunguze kabla hujatoka

"Yupo yupo tu, hana raha." Maelezo haya tunayapata sana na hayasaidii kitu. Daktari anataka kujua ameacha kula tangu lini, anakunywa maji kuliko kawaida au ameyasusa, choo kikoje, amekojoa lini mara ya mwisho, na kama ametapika, katapika nini. Paka asiyekula si wa kusubiriwa. Akipitisha siku 2 au 3 hivyo, hasa aliyenenepa, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini na ukawa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mhesabie pumzi akiwa amelala. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mbwa au paka aliyetulia akipitisha pumzi 30 kwa dakika kila ukihesabu, mwambie daktari. Kisha inua mdomo wa juu utazame fizi. Kama si nyeusi kwa asili, ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka papauke, halafu achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ukikuta fizi nyeupe au za bluu, acha kusoma hapa, nenda.

Na piga video. Mbwa anayechechemea nyumbani akifika kwetu huweza kutembea kama askari wa gwaride kwa sababu ya hofu, na kikohozi cha usiku hakiji mezani ukikiita. Nusu dakika ya video ya simu mara nyingi humfaa daktari kuliko maelezo marefu.

Hatua ya 2: Boksi la paka

Paka anayeliona boksi siku ya sindano tu atakimbilia uvunguni kila likitolewa. Liache wazi sebuleni siku kadhaa kabla, weka ndani kitambaa anacholalia, mlishie humo humo. Lililo bora ni lile linalofunguka juu, maana daktari huweza kumpima paka akiwa bado amekaa kwenye nusu ya chini, bila kuvutana. Njiani lifunike kwa taulo. Kumbeba mikononi hapana, hata awe mpole vipi: honi moja tu, kesharuka. Mbwa atosheke na kamba fupi, imara.

Hatua ya 3: Dawa za watu ziache kabatini

Hapa sina utani. Parasetamoli inaua paka; kidonge kimoja kinatosha. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa na paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini ni sumu kwa paka, kwa hiyo usigawanye chupa moja kwa wote wawili. Kama umeshampa kitu, njoo na pakiti yake.

Hatua ya 4: Tumbo

Akiwa anakwenda kupigwa nusu kaputi, fuata saa za kutokula ulizopewa na kliniki yako. Akitapika amelala, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Watoto wadogo hawafungishwi muda mrefu, sukari yao hushuka haraka, hivyo usijipangie mwenyewe. Kama ni uchunguzi wa kawaida, aje na njaa kidogo ili vipande vya kumbembelezea viwe na thamani.

Hatua ya 5: Mapokezini

Boksi liweke kwenye kiti, si sakafuni mbele ya pua za mbwa. Mwenye mbwa mkali au anayekohoa asubiri nje, tutamwita. Mizani hairukwi: dozi hukokotolewa kwa kilo, na makadirio ya macho hudanganya.

Hatua ya 6: Mezani

Kila mwenye mbwa huniambia "huyu hang'ati". Mimi siku hizi natazama masikio. Yakilala nyuma, huku analamba midomo na kupiga miayo bila usingizi, namjua huyu ana hofu. Kama amewahi kung'ata, sema mapema tumfunge mdomo kwa utaratibu. Na usimkaripie, unamwongezea woga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, paka wangu dume anaingia kwenye mchanga kila mara, anachuchumaa, analia, mkojo hautoki. Nimpe maji mengi nisubiri kesho?

Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Mpeleke sasa hivi, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na ikiziba sumu hurudi kwenye damu. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Wengi hudhani ni kufunga choo, wanampa mafuta.

Swali: Paka wangu vidonge anavitema vyote. Nifanyeje?

Jibu: Mzungushie taulo abaki kichwa tu. Shika kichwa kwa juu, inua pua kidogo, fungua taya ya chini kwa kidole, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo. Kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kama mililita 5, taratibu, pembeni mwa mdomo. Maji haya ni muhimu: baadhi ya dawa, kama doksisaiklini, zikikwama kooni humuunguza paka. Ikishindikana kabisa uliza kama ipo ya maji.

Swali: Dada, mtoto wa mbwa wangu ana chanjo moja. Naweza kuanza kutembea naye mtaani?

Jibu: Bado, kaka. Kinga aliyopata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi vizuri, na hakuna anayejua kwa macho itaisha wiki gani. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi. Mbebe aone watu na asikie kelele, ila asikanyage pale mbwa wengine wanapojisaidia.

Swali: Nina paka wawili. Mmoja akirudi kliniki, mwenzake anamfokea na kumkwaruza kama mgeni. Kwa nini?

Jibu: Amerudi na harufu yetu: spiriti, mbwa, glavu. Mweke chumba cha peke yake mpaka ajilambe na harufu ya nyumbani irudi, hata kama ni mpaka kesho yake. Badilishana vitambaa vyao vya kulalia. Aliyepigwa nusu kaputi asubiri kwanza atembee bila kuyumba ndipo umtoe.