Mwaka wa sandwichi Uingereza: jinsi ya kuupata na usiuchezee ukiwa mwanafunzi wa uhandisi

Kila nikikutana na mdogo wetu aliyekuja kusoma uhandisi huku swali ni lile lile, bro ule mwaka wa sandwichi uliupataje. Kwa asiyejua, ni digrii ambayo baada ya mwaka wa 2 unatoka chuo unaenda kupiga kazi kampuni miezi 9 mpaka 12, mshahara unalipwa, alafu unarudi kumalizia mwaka wa mwisho. Sio fildi ya wiki 8 kama kule kwetu, unamaliza hata choo cha wageni hujakijua kilipo. Mimi nilisoma mekanika nikaangukia kiwanda kidogo cha pampu, na nilikosea karibu kila kitu, kwa hiyo kaeni niwaeleze.

Kwanza muda. Anza kuomba Septemba ile unayoingia mwaka wa 2, usisubiri Krismasi. Makampuni makubwa yanafungua nafasi mapema na mengi yanafunga yakishajaza, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Viwanda vidogo ndo vinaamka Januari mpaka Mei, watu wengi wakiwa wameshakata tamaa, na mimi nilipatia huko. Alafu kampuni za silaha na nyuklia usipoteze wikiendi nzima unajaza fomu zao bila kusoma masharti, nyingi zinataka uchunguzi wa usalama na kwa kawaida lazima uwe umeishi Uingereza kama miaka 5.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana ndo palinimaliza. Kwenye fomu kuna swali linauliza kama unahitaji kampuni ikudhamini viza. Mimi kwa uaminifu wangu wa kijinga nikawa naweka ndiyo, si niko na viza bwana, nikatuma maombi kama 20 hivi na majibu yanarudi ndani ya dakika 5, tunasikitika. Dakika 5! Hakuna binadamu aliyesoma, ni kompyuta tu imeona ndiyo ikatupa nje. Kumbe ukiwa na viza ya mwanafunzi na huo mwaka wa kazi ni sehemu ya digrii yako, anayekudhamini ni chuo, kampuni haidhamini kitu. Kwa hiyo kwa plesimenti, yaani huo mwaka wa kazi, jibu ni hapana. Ila soma swali mpaka mwisho, wengine wanauliza kama utahitaji na huko mbeleni, hapo usidanganye, jibu ukweli na kama kuna sehemu ya maelezo waeleze.

Na HR wengi, wale watu wa ajira wa kampuni, hawajui hizi sheria. Wanajua tu mwanafunzi wa nje haruhusiwi kuzidi masaa 20 kwa wiki, basi wanaogopa. Nenda chuo omba barua inayosema plesimenti ni sehemu ya kozi na inasahihishwa, alafu toa ile share code, namba ya siri ya kuonyesha una haki ya kufanya kazi, inaanzia na herufi W, watumie vyote viwili kwenye imeili moja kabla hata hawajauliza.

Kama ulikuja na digrii ya miaka 3 ya kawaida unataka kuhamia ya sandwichi, viza yako itaisha kabla hujamaliza. Kaone ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mapema, ikibidi kuomba viza upya kuna ada na ile hela ya NHS, yaani ya matibabu ya serikali, mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, kajipange.

Ukishapata, mambo ya hela haraka haraka. Omba namba ya National Insurance (bima ya taifa, mwajiri anaitumia kukukata makato) kabla ya kuanza kama huna. Kodi ya mapato haianzi mpaka uvuke pauni 12,570 kwa mwaka, ukiona wamekukata sana mwezi wa kwanza cheki tax code yako, ile namba inayoamua ukatwe kodi kiasi gani, mara nyingi imewekwa ya dharura. Na chukua cheti chuo cha kuonyesha bado ni mwanafunzi wa muda wote upeleke halmashauri, usije ukalipa council tax, kodi ya halmashauri isiyokuhusu. Usafiri: viwanda vingi viko porini, basi la mwisho saa 12 jioni. Leseni ya Bongo unaendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi huku, mpaka ufike mwaka wa plesimenti imeshakua pambo.

Haya, kazini. Wiki ya 3 nikapewa nichore bamba la kushikia mota, matundu 4 ya bolti za M10. Nikaweka kipenyo milimita 11 na pembeni nikaandika H7 kwa sababu darasani kila tundu nililowahi kuliona lilikua na H7, nikaona nimependeza. Asubuhi mzee mmoja wa mashine akaja mezani kwangu na mchoro umejaa oili, akaweka kidole kwenye tundu akaniuliza, kijana, hapa inakaa beringi au inapita bolti? Nikasema bolti. Akacheka kidogo, akaniambia hii uliyoandika maana yake tundu liwe kati ya 11.000 na 11.018, yaani nitoboe dogo kwanza, nipitishe rima ya kusawazisha tundu, nipime na geji, matundu 4 kwa mabamba 20, wakati bolti yako ya milimita 10 itapita humo na nafasi inabaki. Ukiniachia drili ya 11 peke yake namaliza kabla ya chai. Hakwenda kusema kwa meneja. Nikafuta H7.

Kuanzia siku ile kila mchoro kabla haujatoka nilikua naprinti, nashuka nao chini na vikombe 2 vya chai (huku anayechemsha anachemshia wote, usijitengenezee peke yako utaonekana mchoyo) nawauliza mafundi, hapa pana shida? Fanya hivyo, kwanza ofisini wote walikua bize, chini ndo nilijifunza.

Daftari. Andika kila siku kabla hujavua buti, mistari 4 inatosha: umefanya nini, namba, nani alikuambia, nini kiligoma. Usiandike "nilishiriki kwenye usanifu", andika "bamba la mota, H7 imeondolewa, mabamba 20". Ripoti ya chuo mimi niliitoa humo kwa wikiendi 2, na kwenye intavyuu wakiniuliza nipe mfano nilikua nao kiganjani.

Desemba saa 10 jioni giza tayari, unaingia giza unatoka giza, mchana toka nje hata dakika 10, hilo msilipuuze.

Mwezi wa mwisho muulize meneja kama kuna tatizo la kiwanda unaweza kulibeba liwe projekti ya mwaka wa mwisho, na picha au mchoro wowote unaotaka kuondoka nao omba ruhusa kwa maandishi. Mimi nilinyimwa pampu zote, nikaruhusiwa lile bamba.