Kusomea uzamivu wa uuguzi wa wazee Marekani

Amua kwanza: PhD, uzamivu wa utafiti, inawafaa watafiti; DNP, uzamivu wa uuguzi wa vitendo, inawafaa wanaotaka kubaki na mgonjwa. Ndani ya DNP, chagua mapema kati ya huduma ya msingi na ya magonjwa makali. Kila moja ina mtihani wake wa kuthibitisha utaalamu, na kuhama baadaye ni kurudi darasani.

Programu ya DNP iwe na ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi. Aliyesomea Kenya au Tanzania huhitaji pia kufaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, na kufanyiwa tathmini ya vyeti, kwa mfano na TruMerit (zamani CGFNS). Chuo chako cha zamani ndicho hutuma matokeo moja kwa moja, kwa hiyo kifuatilie mapema.

Programu nyingi za DNP hudai saa 1,000 hivi za mafunzo kwa vitendo. Wengi hukwama kumpata msimamizi wa kliniki, maana programu nyingi za mtandaoni humwachia mwanafunzi amtafute. Uliza hilo kabla ya kulipa ada.

Mradi wa mwisho uwe mdogo, unaopimika: pitia dawa za wazee wanaomeza tano au zaidi kwa vigezo vya Beers, orodha ya dawa zinazoweza kuwadhuru wazee, kisha linganisha idadi ya kuanguka kabla na baada. Anza na dawa za usingizi. Mzee aliyezimeza huamka na kizunguzungu akienda msalani, akaanguka na kuvunjika nyonga.