Ukitaka Kufuga Vipepeo Nyumbani, Anza na Majani

Wengi wanaotaka kufuga vipepeo huanza kwa kuulizia wavu na kisanduku. Swali langu la kwanza ni: majani unayo? Kila aina ya kiwavi ina mimea yake, na mingine hataigusa. Mama kipepeo hulionja jani kwa miguu kabla ya kutaga. Kiwavi wa milimau ukimwekea kabichi atakufa njaa akiwa amekaa juu yake.

Kwa anayeanza, kipepeo wa milimau na michungwa anafaa sana. Otesha miche miwili au mitatu kwa mbegu, mwenyewe, wala usione uvivu. Niliwahi kuishiwa majani viwavi wakiwa katika ulaji mkubwa, nikakimbilia kununua mche kitaluni. Ulikuwa unang'aa, hauna hata tundu moja. Kufikia asubuhi viwavi wote saba walikuwa wamelegea, wanatoa maji ya kijani mdomoni. Zipo dawa za wadudu zinazonyonywa na mizizi na kukaa ndani ya jani, na hizo huziondoi kwa kuosha. Tangu siku hiyo jani lisilo na alama yoyote ya mdudu nalitilia shaka.

Mayai yatafute kwenye majani machanga. Ni ya mviringo, manjano hafifu, madogo kama kichwa cha pini, na hutagwa moja moja. Kata jani zima, usilibandue yai. Chukua matano hadi kumi, yanatosha kabisa. Usiokote viwavi wakubwa, kwani mara nyingi nzi au nyigu wameshataga ndani yao, na utalisha wiki mbili ili pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, amtoe nzi.

Kwenye joto yai huanguliwa kwa siku 3 hadi 7. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na baka jeupe, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo na utaona pembe mbili laini za rangi ya chungwa zikichomoza nyuma ya kichwa, na harufu kali ikikujia puani. Hana madhara kwako, anajitetea tu.

Tandika karatasi laini chini ya chombo na uibadilishe kila siku. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapoharibu. Kinyesi kikichanganyika na unyevu huleta ukungu, na viwavi wakisongamana, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Ukimwona kiwavi mweusi, amelegea na kuvuja maji, mtoe mara moja, osha chombo kwa dawa ya klorini, kisuuze na kukianika juani hadi kikauke. Ukiweka tawi kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba, la sivyo watateremka wazame.

Kuna siku utamkuta ametulia, hali, hatembei. Usimvute. Anajivua ngozi, na miguu yake imeshika utando wa nyuzi alioufuma juu ya jani. Atajivua hivyo takriban mara nne kabla ya kuwa pupa.

Wakati huo ukifika atatangatanga akitafuta kijiti, ajifunge kwa uzi mwembamba kama mkanda. Mwache hapo hapo. Pupa huchukua wiki mbili hivi kwenye joto, ingawa kwenye baridi aina nyingine hukaa miezi. Akikaribia kutoka, rangi za mabawa huonekana kupitia ganda. Hakikisha ana mahali pa kupanda na nafasi ya kuning'inia, kwa maana hutoka na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kibichi, kisha anayajaza maji ya mwili wake hadi yanyooke. Akianguka yakakaukia chini yamekunjika, hataruka maisha yake yote. Tone la kahawia au jekundu utakaloliona si damu, ni uchafu aliouhifadhi tangu akiwa ndani ya pupa.

Mpe saa kadhaa akauke. Mwachie asubuhi umande ukishakauka, jua likiwaka, bila mvua wala upepo mkali, tena mahali pale pale ulipookota yai. Kuagiza vipepeo kutoka mbali ili uwaachie kwenye sherehe mimi nakupinga waziwazi. Wanaweza kubeba magonjwa, na huenda wasiupate mmea wa kutagia. Mvua ikinyesha, mweke siku moja au mbili, umpe maua mabichi au pamba iliyoloweshwa maji ya sukari.

Miche iliyobaki itoe nje, usiipulizie dawa yoyote, na uendelee kuchungulia majani yake machanga. Mayai ya awamu ijayo utayapata hapo.